Hita ya bafuni haichemshi? Usikimbilie koili

Baridi ya Juni ikishuka hapa Uyole, ndipo hita nazo hukumbuka kufa. Yangu iligoma wiki iliyopita, na fundi wa kwanza alitaka nibadilishe koili, yaani chuma cha ndani kinachochemsha maji, kabla hata hajafungua kifuniko.

Zima swichi kubwa ya nyumba, si ile ya bafuni tu. Fungua kifuniko, hakikisha kwa tesita kwamba hakuna umeme. Angalia themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji: nyingi zina kitufe kidogo ambacho huruka maji yakizidi joto. Kibonyeze. Kikilia "tak", huenda kazi imeisha. Kikiruka tena siku hiyohiyo, shuku themostati kwanza. Kwa kawaida kuibadilisha ni kazi nyepesi kuliko kubadilisha koili.

Bado? Zima tena swichi kubwa kama ulishawasha, chomoa waya za koili, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Koili ya wati 1,500 kwa umeme wa volti 230 husoma kama omu 35. Ya wati 3,000 karibu 18. Isiposoma kitu, imekatika. Pima pia kati ya mguu wa koili, pale waya unapofungwa, na bodi (chuma) ya tangi. Hapo isisome kitu kabisa. Ikisoma, umeme unavuja, na hiyo usiiwashe hata dakika moja, mwite fundi umeme.

Ukifunga koili mpya, weka na gasketi mpya, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje. Kisha jaza tangi, fungua bomba la maji ya moto mpaka maji yaache kukohoa hewa, ndipo uwashe. Koili ikiwashwa kavu huungua mara moja. Mimi nimeshaunguza moja hivyo, ikiwa na stika yake bado.