Pumu ya ngozi kwenye sikio la panya: namna ninavyoendesha jaribio la MC903

Anayeanza kazi hii, yaani kumpaka panya MC903 sikioni ili apate ugonjwa unaofanana na pumu ya ngozi ya binadamu, huuliza dozi kwanza. Dozi nitakupa, wala si siri. Kinachoangusha watu ni kuliona sikio la panya limevimba na kuwa jekundu, wakatangaza kwamba wamepata pumu ya ngozi. Sikio la panya ukilipaka kitu chochote kikali litavimba. Una kazi ya kuonyesha kwamba uvimbe huo unawasha, kwamba ndani yake mna seli zinazohusika, na kwamba haukuletwa na ethanoli uliyoyeyushia dawa.

Kabla ya yote: kibali

Usimguse panya kabla kamati ya maadili haijapitisha mpango wako. Andika mapema ni lini utasimamisha jaribio kwa ajili ya mnyama: uzito ukishuka kiasi gani (wengi huweka asilimia 20, mimi huanza kuhangaika mapema zaidi), kidonda cha wazi kikitokea, mnyama akiacha kula. Kaa pia na daktari wa mifugo mzungumzie dawa za maumivu. Zile za jamii ya afyuni zinaweza zenyewe kuleta mwasho, na zile za kutuliza uvimbe zitafuta kitu kilekile unachokipima.

Hatua ya 1: amua unataka ugonjwa wa namna gani

Ukitaka mzio wenyewe, wenye IgE (kingamwili ya mzio) inayolenga kitu kimoja, tumia ovalbumini, protini ya ute wa yai. Unanyoa mgongo, unabandua tabaka la juu la ngozi kwa utepe wa gundi, unaweka kiraka chenye mikrogramu 100 kwa wiki moja, unapumzisha wiki 2, kisha unarudia hadi viraka vitimie 3. Hizo ni wiki 7 za subira. Oksazoloni, kemikali inayoleta mzio wa ngozi, unaipaka mara ya kwanza ili kinga iitambue, halafu unarudia dozi ndogo kwa wiki kadhaa. Mwitikio huanza na sura ya Th1 (upande wa kinga unaopambana na vijidudu vya ndani ya seli), na kadiri unavyorudia ndivyo unavyoelekea Th2 (upande wa kinga unaohusika na mzio). Panya wa NC/Nga huugua wenyewe, lakini wakiwa kwenye mazingira ya kawaida tu. Ukiwaweka katika chumba kisicho na vimelea utasubiri miezi na ngozi itabaki nzuri kabisa.

MC903, yaani kalsipotrioli, ni dawa ya soriasisi kwa binadamu. Kwenye sikio la panya huzichochea seli za ngozi zitoe TSLP, protini ya kuiamsha kinga, nayo huita mwitikio wa Th2. Siku 7 hadi 14 zinatosha. Ndiyo njia ninayoitumia zaidi, ila tusidanganyane: siku 10 za panya si miaka 10 ya mgonjwa, na ndani yake hamna kizio chochote. Swali lako likihusu jinsi mwili unavyokikumbuka kizio, rudi kwenye ovalbumini. Na kama tiba unayoijaribu inagusa vitamini D, iache MC903 kabisa, kwa sababu inafanya kazi kupitia kipokezi cha vitamini D hichohicho.

Unajaribu kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu? Hakikisha kwanza kwamba inashika kipokezi cha panya. Dupilumab haishiki, na ndiyo maana ilibidi itumiwe kwa panya waliowekewa jeni za binadamu.

Hatua ya 2: panya

Chukua wa jinsia moja, umri mmoja, kama wiki 8. Wape wiki nzima ya kuzoea chumba. Gawa makundi kwa kura ndani ya kila kizimba, usiseme kizimba hiki dawa na kile ethanoli. Madume wanaopigana watoe kabla hujaanza, maana sikio lililong'atwa halina maana tena. Panya wa aina ya C57BL/6 wakizeeka hupata vidonda vya ngozi vyao wenyewe, kwa hiyo usitumie wazee. Unapowahamisha, wabebe kwa viganja au kwa bomba, usiwainue kwa mkia. Panya mwenye hofu hatakupa takwimu nzuri za mwasho.

Hatua ya 3: dawa

Tunataka nanomoli 2 kwa kila sikio kwa siku, ndani ya mikrolita 20 za ethanoli. Hiyo ni mikromola 100. Uzito wa moli wa kalsipotrioli ni 412.6, kwa hiyo miligramu 1 inatosha mililita 24 hivi.

Sasa sikiliza hili. Nilipoanza niliweka mchanganyiko wote kwenye chupa moja, nikawa naifungua kila asubuhi. Ethanoli ikawa inapaa kidogo kidogo, na dawa iliyobaki ikizidi kukolea. Wiki ya pili masikio yalivimba sana, nikafurahi, mpaka nilipowapima uzito. Walikuwa wamekonda. Kalsipotrioli ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, nami nilikuwa nawapa sumu huku nikijisifu. Siku hizi nagawa kwenye vichupa vya siku moja moja, vimefungwa barabara, gizani, kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri. Cha jana hutupwa. Ethanoli ya kundi linganishi naigawa vivyo hivyo, siku ileile.

Hatua ya 4: kupima, ndipo upake

Pima kabla ya kupaka, kila siku saa ileile. Sikio zima la panya lina unene wa milimita 0.2 na kidogo, kwa hiyo kosa la mkono wako linaweza kuwa kubwa kuliko athari unayoitafuta. Shika ukingo wa juu wa sikio, mbali na gegedu la shinani. Achilia kalipa (kifaa cha kupimia unene) ifunge yenyewe, usiibane kwa kidole. Soma mara 3, andika namba ya katikati. Anayepima awe mtu mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na asijue panya yupi kapakwa nini.

Kisha mikrolita 10 ndani ya sikio, 10 nje. Subiri ikauke ndipo umrudishe kizimbani.

Usipake dawa sikio la kulia na ethanoli la kushoto ukadhani umeokoa panya. TSLP huingia kwenye damu na kufika hadi kwenye njia za hewa, hivyo sikio la pili si linganishi safi.

Hatua ya 5: mwasho

Mzoeshe panya kwenye kisanduku kiangavu siku moja kabla. Siku yenyewe rekodi video ya dakika 30, kisha ondokeni wote chumbani. Hesabu vipindi vya kujikuna kwa mguu wa nyuma: anauinua, anakuna, anaushusha au kuulamba, hicho ni kimoja. Kufuta uso kwa mikono ya mbele usikihesabu. Huko ni kujisafisha, au maumivu.

Hatua ya 6: tishu

Kipande kimoja cha sikio kwa ajili ya RNA ya IL-4 na IL-13 (protini za ishara za Th2) na ya TSLP, kingine kwa kuhesabu seli, kingine kwenye formalini. Damu ya IgE usiisahau. Kwenye hadubini tafuta eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), na seli za masti (seli za mzio zinazotoa histamini) kwa rangi ya bluu ya toluidini.

Kipande cha formalini kisindikize mwenyewe hadi kwa fundi wa nta, anayegandisha tishu kwenye nta ili ikatwe vipande vyembamba. Mwambie kisimame wima, ukingo uliokatwa ukiangalia chini. Kikilala, kisu kitapita mshazari na ngozi ya juu itaonekana nene hata kwa panya aliyepakwa ethanoli tupu. Ukiona vinyweleo vimekatwa kama viduara badala ya urefu wake, slaidi hiyo usiipime. Rudi kwa fundi, mkigeuze kipande.