Jinsi ya Kupima Uzito wa Kura za Kaunti Yako

Chukua daftari na simu ya kupigia hesabu. Mimi natumia Mombasa kwa kuwa ndiko kwetu. Wewe weka kaunti yako.

Usianze na umati wa mikutanoni. Anza na idadi ya waliojiandikisha, ambayo IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, huichapisha kaunti kwa kaunti. Mwaka 2022 Mombasa tulikuwa 641,913. Pembeni andika waliofika debeni. Kwetu hawakufika hata nusu. Kisha tafuta pengo la kitaifa la kura za urais: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Toa, inabaki 233,211. Waliobaki majumbani Mombasa peke yake wanalipita pengo hilo! Sisemi wote wangemchagua mtu mmoja. Lakini nikiziweka namba hizo mbili ubavu kwa ubavu roho huniuma, maana kila mwaka tunalia kwamba Pwani haisikizwi.

Hesabu ya pili ni ya kaunti, si ya vichwa. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hapo Lamu, yenye wapiga kura 81,453, ni kaunti moja, na Nairobi yenye 2,415,310 ni moja vilevile. Basi jiulize: mgombea anakuja kwenu kutafuta wingi, au anatafuta robo tu? Anayetafuta robo haahidi sawa na anayetafuta wingi.

Sasa hakikisha matokeo yenyewe. Mwaka huo wa 2022 nilikuwa wakala wa mgombea kituoni, Changamwe. Msimamizi aliinua karatasi moja moja tuione sote, na usiku fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, ikabandikwa kwenye mlango wa darasa. Niliipiga picha, halafu nikaifungua ileile kwenye tovuti ya IEBC, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa sawasawa, nami nikalala. Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hivyo vituo vya wadi nzima mnavimaliza mkigawana na majirani. Mkiweza fomu za eneobunge lote, jumlisheni mlinganishe na 34B, fomu ya jumla ya eneobunge. Mkikuta tofauti, isomeni 34A hadi chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi.