Jinsi ya Kuhesabu Mapigo ya Moyo Unapotumia Dawa Zinazoupunguzia Kasi

Wengi wanaohudhuria kliniki za presha hapa Kisumu hurudi nyumbani na vidonge vya aina mbili au tatu, vyote wakiviita dawa ya presha, ilhali mojawapo huenda inagusa mwendo wa moyo wenyewe. Kwa hiyo anza na pakiti. Soma jina la dawa lenyewe, ambalo mara nyingi limechapishwa kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Likiishia kwa herufi -lol, kama atenolol, propranolol, bisoprolol au carvedilol zinavyoandikwa pakitini, basi dawa hiyo ni ya kundi la vizuia beta, na kuhesabu mapigo kunakuhusu.

Sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia, ina kituo kidogo kinachotoa umeme wa kuanzisha kila pigo. Unapokimbilia matatu au kushtuka usiku, homoni ya adrenalini hukishika kituo hicho na kukiharakisha. Vizuia beta huketi pale pale ambapo adrenalini ingeketi, hivyo moyo hupiga polepole zaidi na kwa nguvu pungufu, na umeme unaoshuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini nao hucheleweshwa kidogo. James Black, daktari kutoka Scotland aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988, alifikia propranololi kwa hoja rahisi: badala ya kuhangaika kuuongezea hewa moyo wenye mishipa myembamba, upunguziwe kazi. Kwa hiyo mapigo yakishuka baada ya kuanza dawa, mara nyingi ni ishara kwamba dawa inafanya kazi yake.

Hesabu asubuhi kabla ya kumeza kidonge na kabla ya chai. Keti kwa dakika tano bila kuzungumza, mkono ukiwa umelala mezani, kisha weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Usitumie gumba kupimia, kwa sababu lina mshipa wake na unaweza kujihesabu mwenyewe badala ya mgonjwa. Tumia saa yenye mshale wa sekunde au ya simu, na uhesabu dakika nzima. Najua wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Njia hiyo inatosha kwa moyo unaokwenda sawasawa, lakini kwa moyo unaorukaruka hupotosha.

Mama yangu, anayekaa Kondele, hakuwa na haja ya kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Nilipokuwa nikihesabu mkono wake wa kulia, nilimwomba agonge meza kwa kidole cha kushoto kila anapohisi pigo shingoni. Akagonga mara mbili za haraka, kimya, moja, kimya kirefu, kisha tatu zilizofuatana. Idadi ya dakika nzima ilikuwa 78, nambari isiyomtisha mtu yeyote, lakini mpangilio haukuwapo. Ndiyo maana katika daftari kila siku panahitajika mambo matatu: nambari, kama pigo ni sawa au linaruka, na namna mgonjwa anavyojisikia. Mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, yakiwa mapya, yapelekwe kliniki yakapimwe kwa mashine ya umeme wa moyo, kwa kuwa huenda ni hali inayoruhusu damu kuganda ndani ya moyo na kusababisha kiharusi.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Anayetumia kizuia beta anaweza kuwa na 55 na akawa mzima kabisa. Yakiwa chini ya 50, au yakiambatana na kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, wasiliana na kliniki kabla ya kumeza kidonge kinachofuata. Aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua au anayehema kwa shida asingoje kuhesabu chochote. Apelekwe hospitali mara moja. Anayeendesha baiskeli ya abiria naye ajue kwamba mapigo hayatapanda kama zamani hata akisukuma kwa nguvu, kwa hiyo apime juhudi zake kwa pumzi.

Hatari kubwa zaidi hutokana na kuchanganya dawa. Verapamili na diltiazemu hupunguza kasi katika njia ile ile ya umeme, na zikitumiwa pamoja na kizuia beta moyo unaweza kwenda polepole kupita kiasi. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, huzidi kuupunguzia moyo kasi, tena ikizidi mwilini huleta kichefuchefu na kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano. Amlodipini haina tabia hiyo, ingawa nayo ni ya presha. Kitu ambacho watu hukisahau ni matone ya macho ya timololi, yanayotumika kutibu shinikizo la jicho: nayo ni kizuia beta, huingia kwenye damu, na daktari wa moyo hataijua usipomwambia. Mwenye pumu amweleze daktari mapema, kwa maana propranololi hasa inaweza kubana njia za hewa. Mwenye kisukari anayetumia insulini asitegemee kutetemeka na moyo kwenda mbio kumwonya kwamba sukari imeshuka, kwani kizuia beta huzificha dalili hizo. Jasho hubaki, na kipimo cha sukari hakina mbadala.

Usiache kizuia beta ghafla, hata ukijisikia vizuri au vidonge vikiwa vimeisha, kwa kuwa adrenalini hurudi kuushika moyo uliokwisha kuzoea kulindwa na huweza kuleta maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Daktari ndiye hupunguza kipimo kidogo kidogo. Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka, isipokuwa wakati wa inayofuata umekaribia. Usimeze mbili pamoja. Safari za matanga ndizo hutukamata: mtu huenda Siaya kwa siku mbili na kukaa wiki. Funga vidonge vya siku kumi, na ndani ya jalada la daftari uandike jina la kila dawa, kipimo chake na saa ya kumeza, ili mhudumu wa zahanati ya huko aweze kusoma hata kama wewe huwezi kuzungumza.