Kabla hujapeleka ripoti ya maabara steshenari

Kama ripoti yako inachapwa steshenari, iwe Nyakato au katikati ya jiji la Mwanza, andika alama za vipimo kwa mkono unaosomeka na umwambie mchapaji asibadilishe hata herufi moja.

Mita ni m, sekunde s, kilo kg. Si Kg wala KG, hata kama ndivyo ulivyozoea kuona kwenye mifuko ya dagaa. Usiweke nukta baada ya alama, usiongeze s ya wingi, na acha nafasi baada ya namba: 50 kg.

Alama zilizotokana na majina ya watu huanza na herufi kubwa: N ya Newton, W ya Watt, Pa ya Pascal. Ila ukiandika kipimo kwa neno zima, ni newtoni, wati, paskali. Lita inaruhusiwa l au L tangu 1979. Chukua L, maana ile ndogo inafanana na moja.

Sasa viambishi, yaani herufi zinazotangulia alama ya kipimo kukikuza au kukipunguza, hapo ndipo watu wanapoumia. M kubwa ni mega, yaani milioni. M ndogo ni mili, sehemu ya elfu. k ya kilo, yaani elfu, ni ndogo siku zote, kwa sababu K kubwa ni kelvini, kipimo cha jotoridi. Kuna kijana namfahamu, alisimamia zege la jengo moja Ilemela. Vipande vya sampuli ya zege hilo, vya umri wa siku 28, vikapelekwa kupimwa uimara. Kimoja, cha milimita 150 kila upande, kilivunjika kwenye mzigo wa 562.5 kN (kilonewtoni), ambao ukigawanywa kwa eneo la uso wake ni sawa na 25 MPa (megapaskali), kiwango kilekile kilichotakiwa. Dada wa steshenari akaona jedwali linapendeza kwa herufi kubwa tupu: KN, MPA, MM. Mhandisi mshauri akairudisha ripoti. Dada, kwa nia njema kabisa, akashusha zote ziwe ndogo, kijana akadai P ibaki kubwa, ikatoka 25 mPa. Nguvu imepungua mara bilioni moja! Zege la hivyo halibebi hata nzi. Mhandisi alijua fika kilichokusudiwa, lakini hakuwa tayari kuweka saini chini ya mPa. Malipo yakasimama, na mwenye lori la kokoto, aliyekopesha, akawa anapiga simu kila asubuhi.

Simu nayo hujipachikia herufi kubwa, izime hiyo. Ukishageuza kuwa PDF kagua upya, µ (mikro, sehemu ya milioni) hupenda kugeuka u au kisanduku. Toa nakala moja kwanza, isome hapohapo kaunta, vichwa vya jedwali pia. Na jitumie faili kwa barua pepe, flashi za steshenari hurudi na virusi.