Jinsi ya Kupima Ofa ya Shirika la Ndege la Kikanda Marekani Kabla ya Kusaini

Mashirika ya kikanda ya Marekani hurusha jeti ndogo, nyingi zikiwa za viti 50 hadi 76, kwa niaba ya mashirika makubwa. Abiria anaona rangi za Delta, United au American ubavuni mwa ndege, lakini rubani analipwa na SkyWest, Republic, Endeavor, Envoy, PSA au wenzao. Ofa zao ukizitazama juu juu zinafanana, na matangazo yote hutanguliza mambo mawili: malipo ya saa na bonasi. Hayo mawili yaangalie mwisho. Maisha yako ya miaka miwili mitatu ya mwanzo yataamuliwa na saa za uhakika kwa mwezi, kituo utakachopangiwa (uwanja ambapo safari zako huanzia na kuishia), muda wa kusubiri ukapteni, na masharti ya kurejesha pesa ukiondoka.

Saa na kumbukumbu zako

Baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, karibu na Buffalo mnamo Februari 2009, iliyoua watu 50, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010. Tangu 2013 rubani msaidizi naye lazima awe na leseni ya ATP, leseni ya juu ya urubani wa mashirika ya ndege, iliyokuwa ikidaiwa kwa kapteni peke yake. Kwa kawaida hiyo ni saa 1,500 za kuruka. Wapo wanaoruhusiwa kuanza mapema kwa leseni ya ATP yenye mipaka: saa 750 kwa aliyefunzwa urubani jeshini, 1,000 kwa mwenye shahada ya kwanza ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa na mamlaka ya anga, FAA, na 1,250 kwa mwenye stashahada ya miaka miwili. Leseni hii ya mipaka huanzia umri wa miaka 21. Ile kamili, miaka 23.

Wengi hutazama jumla tu, kisha hukwama kwenye migawanyo. Ndani ya zile 1,500 za leseni kamili ziwepo saa 500 za safari za mbali, 100 za usiku, 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani bila kuona nje, 250 ukiwa rubani kiongozi, na 50 kwenye ndege ya injini mbili. Kwa leseni ya mipaka, safari za mbali hushuka hadi 200. Panapouma zaidi ni injini mbili, kwa sababu mkufunzi wa urubani anaweza kufikisha saa 1,500 zote akiwa kwenye ndege ya injini moja. Hadi 25 kati ya zile 50 zinaweza kukamilishwa kwenye simuleta (mashine ya ardhini inayoiga urukaji) ndani ya kozi iliyoidhinishwa, ndiyo maana mashirika mengi huomba 25 za kweli. Anza kuzitafuta ukiwa na saa 1,000. Ukisubiri hadi 1,450, utazilipia kwa haraka na kwa bei ghali.

Kabla ya mtihani wa maandishi wa ATP kuna kozi ya lazima yenye saa 30 za darasani na 10 za simuleta. Shirika likikwambia linailipia, uliza kama gharama yake inaingia kwenye deni la mafunzo ukiondoka mapema.

Halafu fungua akaunti yako kwenye hifadhidata ya kumbukumbu za marubani ya FAA na usome kilichomo kabla mwajiri hajakisoma. Mitihani uliyofeli itaonekana. Kufeli mara moja au mbili, ukieleza kwa ufupi ulirekebisha nini, hakumnyimi mtu kazi. Kuficha kunamnyima. Linganisha pia daftari lako la urukaji na fomu ya maombi, mstari kwa mstari. Jumla zisipokubaliana kwa saa chache tu, anayekuhoji huanza kutilia shaka ukurasa mzima. Kwa aliyefunzwa nje ya Marekani, saa zilizoandikwa vizuri huhesabika, ila lazima awe na leseni ya FAA na haki ya kufanya kazi Marekani. Haki hiyo ndiyo huwakwamisha wengi, basi iulize kabla ya kulipia chochote.

Hesabu ya mshahara

Rubani hulipwa kwa saa za bloku: kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa mwisho wa safari. Kukagua ndege, kusubiri abiria, kukaa saa tatu kati ya safari mbili, hayo yote hayaingii. Kwa hiyo malipo ya saa peke yake hayakwambii kitu mpaka uyazidishe kwa saa za uhakika, yaani kiwango cha chini utakacholipwa kwa mwezi hata ukiruka kidogo.

Chukua shirika la kwanza linalotangaza dola 95 kwa saa likiwa na uhakika wa saa 72. La pili linatangaza dola 90 na uhakika wa saa 76. Yote mawili ni dola 6,840 kwa mwezi, senti kwa senti, ingawa la kwanza linasikika kubwa. Sasa ongeza mchango wa pensheni, bima ya afya ya familia, na malipo ya kipindi cha mafunzo. Mengine hulipa saa za uhakika tangu siku ya kwanza darasani na kutoa chumba cha hoteli cha peke yako. Mengine hulipa pungufu na kukuchanganya chumba na mwenzako katika wiki ambazo unahitaji kusoma usiku.

Kisha tafuta vifungu vinavyofidia muda usiolipwa. Kifungu kinachofaa kuliko vyote ni uwiano wa muda wa kuwa nje ya kituo. Tuseme umepangiwa safari ya siku nne, umeruka saa 15 tu, lakini umekaa saa 80 nje ya kituo. Mkataba wenye uwiano wa 1 kwa 4 unakulipa saa 20, maana 80 ukigawanya kwa 4 ni 20. Usio na kifungu hicho unakulipa 15. Kwa dola 90, tofauti ni dola 450 katika safari moja, na safari za namna hiyo ni tatu au nne kwa mwezi. Angalia pia kama safari ikifutwa kwa hali ya hewa bado unalipwa, na kama kuna kiwango cha chini cha saa kwa kila siku ya kazi.

Uliza tena: malipo haya yamo ndani ya mkataba wenyewe, au kwenye barua ya makubaliano yenye tarehe ya kuisha? Mwanzoni mwa miaka ya 2010 rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza alilipwa dola 20 hadi 25 kwa saa. Juni 2022 Piedmont na Envoy, zote mali ya American Airlines, zilipandisha hadi dola 90 kwa rubani msaidizi anayeanza na 146 kwa kapteni, lakini sehemu ya nyongeza hiyo iliwekewa ukomo wa Agosti 2024. Mkataba wa msingi unalindwa na Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, ambayo inahusu pia mashirika ya ndege: muda wake ukipita unaendelea kutumika mpaka mpya upatikane. Barua yenye tarehe ya ukomo haina kinga hiyo. Omba nakala ya vyote viwili. Chama cha marubani cha shirika hilo, kwa mengi ni ALPA, kina wawakilishi wanaojua kifungu gani kiko wapi.

Muda wa kuwa kapteni

Hapa ndipo penye pesa nyingi kuliko popote. Kwa viwango vya dola 90 na 146, tofauti ni dola 56 kwa saa. Kwa saa 75 za mwezi ni dola 4,200. Kwa mwaka, dola 50,400. Ukicheleweshwa mwaka mmoja kuwa kapteni, umepoteza zaidi ya bonasi nyingi zinazotangazwa, achilia mbali saa za uongozi ambazo mashirika makubwa huzithamini.

Kanuni zinadai rubani msaidizi awe na saa 1,000 katika safari za shirika la ndege kabla ya kuwa kapteni. Kuanzia 2021 hivi, kanuni hii ilizaa fundo gumu: mashirika makubwa yaliwachukua makapteni wa kikanda kwa wingi, ndege zikabaki bila wa kuziongoza, na marubani wasaidizi wakakaa nyumbani bila kuruka. Bila kuruka hawakufikisha 1,000, na bila 1,000 hawakuweza kuziba pengo la makapteni. Shirika lenye makapteni wachache laweza kukuajiri leo na usiruke ya kutosha kwa miezi mingi.

Kwa hiyo usimuulize anayeajiri "ukapteni unachukua muda gani?" Atakupa wastani unaopendeza. Omba uonyeshwe kapteni wa mwisho kwenye orodha ya ukongwe ya kila kituo, yaani mgeni kuliko wote, na tarehe aliyoajiriwa. Kama wa mwisho Chicago aliajiriwa miaka minne iliyopita na wa mwisho kituo kingine miezi kumi na minane iliyopita, umepata jibu. Uliza pia rubani msaidizi mpya anaruka saa ngapi hasa kwa mwezi. Chini ya 40, hizo 1,000 zitachukua zaidi ya miaka miwili.

Uhaba wa kuruka una hatari nyingine ambayo wageni hawaijui. Ukimaliza mafunzo ya ndege mpya, lazima uruke saa 100 ndani ya siku 120 ili ujuzi ushike. Usipozipata, kuna mafunzo ya kurudia au nyongeza ya muda yenye masharti. Jua shirika linawapanga vipi wapya wanaokaribia siku ya 120.

Kituo na zamu za akiba

Kila kitu hupangwa kwa namba ya ukongwe: kituo, ratiba, likizo, ukapteni. Namba hutolewa siku ya kwanza ya darasa, ndiyo maana darasa la wiki hii ni bora kuliko la mwezi ujao, mambo mengine yakiwa sawa. Ukihama shirika unaanza chini kabisa, hata ukiwa na uzoefu wa miaka kumi.

Mgeni huanzia kwenye zamu za akiba, akisubiri simu. Akiba ya karibu mara nyingi inakupa muda wa saa 2 hivi kufika uwanjani, kwa hiyo huwezi kuishi jimbo jingine. Anayeishi mbali husafiri kwa kiti cha ziada cha chumba cha marubani, kama kipo wazi, na hulipia kitanda katika nyumba ya kuchangia karibu na uwanja. Usafiri huo hufanyika siku zako za mapumziko, bila malipo. Sheria inakupa mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, yenye nafasi ya saa 8 za kulala, lakini saa ulizotumia kusafiri kutoka nyumbani zinayatafuna. Uchovu wa rubani aliyesafiri usiku kucha kuwahi zamu ni jambo la usalama, na kwa maoni yetu ofa ya kituo cha nyumbani yenye dola tano pungufu kwa saa ni bora kuliko ile kubwa ya mbali.

Bonasi na deni lake

Soma kifungu cha kurejesha kabla ya kusoma kiasi. Ukiahidiwa dola 20,000, kodi ya serikali kuu hukatwa kwa kawaida asilimia 22, yaani 4,400, na makato ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, ni asilimia 7.65, yaani 1,530. Unapokea 14,070, kabla ya kodi ya jimbo. Mikataba mingine ikikudai, hudai 20,000 kamili. Tafuta yenye deni linalopungua kila mwezi unaofanya kazi. Ile ya kurejesha yote hata ikibaki wiki moja ikwepe, au kataa bonasi na uchukue kazi. Angalia pia itakuwaje ukifeli mafunzo, ukipoteza cheti cha afya, au shirika lenyewe likifunga.

Na mashirika hufunga. Mwaka 2020 Compass na Trans States zilisimama mwezi Aprili, na ExpressJet ikamaliza safari zake za United mwezi Septemba. Shirika la kikanda huishi kwa mikataba na mashirika makubwa, basi jua inaisha lini. Kwa kampuni iliyo kwenye soko la hisa, kama SkyWest, taarifa ya mwaka inayopelekwa kwa wadhibiti huorodhesha ndege ngapi ziko chini ya mkataba upi na hadi mwaka gani. Shirika lenye mteja mmoja na mkataba unaoisha mwakani lina hatari kubwa kuliko lenye wateja watatu.

Ahadi ya kupandishwa moja kwa moja hadi shirika kubwa nayo ichunguze kwa idadi: wangapi wamechukuliwa kila mwezi kwa miezi kumi na miwili iliyopita, na kama shirika kubwa linaweza kusimamisha mpango huo lenyewe. Linaweza, katika mikataba mingi.

Kazi yako ya sasa usiiache kwa sababu ya ofa ya mdomo. Subiri barua yenye tarehe ya darasa, kituo au utaratibu wa kukipata, na kiambatisho cha bonasi kilichosainiwa na pande zote mbili. Toa notisi ya wiki mbili, na uendelee kuruka mpaka wiki ya mwisho: tarehe za madarasa husogezwa, na rubani aliyekaa miezi mitatu bila kushika usukani huanza simuleta akiwa nyuma ya wenzake.