Namna ya kumwambia fiyanse wako maisha yako ya zamani mbele ya ndoa

Wadogo zangu wa Bukavu, wengi munaniuliza: nimwambie yote ao ninyamaze? Umwambie. Lakini kuna namna.

Kwanza usimupe vitu asome. Leo Tolstoy, mwandishi mukubwa wa Urusi, alimuoa Sofia mwaka wa 1862, yeye ana miaka 34 binti 18, na kati ya kumuchumbia na ndoa ilipita wiki moja tu. Ndani ya ile wiki akamupa asome kaye zake, zile alikuwa anaandika maisha yake ya kila siku, wanawake wote wa ujana wake wamo, na mama mumoja wa kijijini kwake aliyezaa naye. Sofia, mutoto wa watu, akalia sana. Mimi pia nilifanya hivyo, nilimupa fiyanse telefone asome mesaji za zamani, nikaenda kukunywa chai kwa jirani, kurudi nakuta umeme umekatika, uso wake unaangazwa na telefone tu, kidole bado kinapandisha mesaji, hakuniangalia. Ilituchukua miezi.

Kwa hiyo sema na kinywa chako, anakuona macho. Na mapema, mbele familia hazijakaa juu ya doti, ni kusema mahari, juu doti ikishatoka hata akitaka kukataa atashindwa. Mutembee polepole kando ya ziwa, si kwenu nyumbani mama anapitapita na sahani.

Sema yanayogusa maisha yake: mutoto, deni, ugonjwa, na mutu ambaye bado iko karibu. Hii ya mwisho njo inaumiza kupita zote. Yule mama wa Tolstoy aliendelea kuishi palepale, Sofia anamuona, wivu anauandika kwenye kaye yake mwenyewe. Kama mupenzi wako wa zamani iko Kadutu na munasali naye parokia moja, fiyanse ajue jina. Ya kitandani acha.

Kisha umuachie maswali, hata wiki tatu, na usimujibu "si nilishakuambia".

Mukimaliza, mufute zile mesaji. Tolstoy na bibi yake walizaa watoto 13, wakaishi miaka 48 wanasomeana kaye, kulikuwa pia ugomvi wa mali na haki za vitabu, ndiyo, lakini 1910 muzee wa miaka 82 alifika kuficha kaye ndani ya bote, kiatu kirefu, bibi akaipata. Usiku mumoja muzee akamusikia bibi anapekua makaratasi yake tena, muzee akatoka nyumbani kungali giza, siku chache akafia kwenye kituo cha treni Astapovo. Mufute mukiwa wawili, telefone iko katikati yenu.