Kombi ya zamani inachemsha? Anza na kifuniko cha radiata, radiata yenyewe ingoje kwanza

Kama uko na HiAce ya zamani ya dizeli, umeitia kitanda, jiko na tanki ya mayi nyuma, ujue ile motere sasa inabeba nyumba, na kupanda mlima wa Ngomo ukitoka Kamanyola kuja Bukavu itakuonyesha kila kitu ulichokuwa unaficha. Yangu ilichemsha pale pale kwenye kona, na shida ilianzia kwa fundi mmoja aliyenitolea termosta (kile kidude kinachofungulia mayi njia ya radiata motere ikipata moto) wiki mbili kabla: "Mukubwa, ile haina kazi huku kwetu kwenye joto, tunaitoaka tu." Nikakubali, na Bukavu yenyewe asubuhi watu wanavaa jaketi!

Sasa sikiliza, kuna termosta zingine ziko na kisahani cha pili chini, motere ikipata moto kile kisahani kinaziba njia ya mkato ili mayi yote yapite kwenye radiata. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, mayi mengine yanazunguka ndani ya motere bila kupoa. Kabla ya kununua mpya, tia ile ya zamani kwenye sufuria ya mayi yanayochemka, kama imeandikwa 82 (ni digrii za kufunguka) lazima ifunguke, hata kama hapa Bukavu kwa sababu ya mwinuko, karibu mita 1500, mayi yanachemka kwenye 95 hivi.

Na hiyo 95 njo sababu kifuniko cha radiata ni kitu kikubwa. Kikiandikwa 0.9 (ni bar, kipimo cha presha), kinashikilia presha mpaka mayi yanapita digrii 110 bila kuchemka. Angalia mpira wake, ukiwa umekauka ama umepasuka, tupa, ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na bado watu wanakimbilia kubadilisha radiata. Ila usikifungue motere ikiwa moto, ngoja mpaka unaweza kushika tiyo ya juu ya radiata na mkono mtupu bila kuuachia, halafu weka kitambaa, zungusha polepole.

Mayi ya ziwa usitie. Kivu iko na madini mingi, yanaganda ndani ya vijia vya radiata meupe kama ndani ya birika la chai. Tia kulanti (dawa ya kupoza motere) nusu na mayi yaliyosafishwa nusu, ukikosa kabisa basi ya mvua, ya kukufikisha nyumbani tu. Na wale wa kutia yai ili kuziba tundu, jamani, litaziba na hita (ya kupasha moto ndani ya gari) pia.

Kama mayi yanapungua na chini hakuna tone, washa motere baridi kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yanapanda bila kuisha, ama oili imekuwa kama chai ya maziwa, hapo ni gasketi ya kichwa cha motere, peleka garaji. Feni nayo: zima motere ikiwa moto, izungushe na mkono, ikiteleza mizunguko mingi bila uzito, ile klachi yake, inayoishikisha na motere, imekufa.

Gari za kulala ziko na kitu kingine watu wanasahau, hita ya nyuma. Bomba zake zinapita chini ya sakafu, zinaoza na matope, na hewa inajificha humo. Ukimaliza kazi, simamisha gari pua ikiangalia juu (milima Bukavu haikosekani), fungua hita zote mbili kwenye moto, acha kifuniko wazi, washa, minya tiyo ya juu na mkono, utasikia inakoroma, ongeza mayi mpaka inyamaze. Termosta ukiirudisha, kile kitundu chenye kipini kikae juu, hewa inatokea hapo.

Kesho asubuhi fungua tena uangalie. Mayi yakishuka kidogo, jaza. Yakishuka tena siku ya tatu, chukua tochi uingie chini ya gari, anza na zile bomba za nyuma.